Simu ya Stoo

Jumanne, usiku

Bado nasikia ile pumzi.

Simu ya ofisi, ile isiyo na waya, ilianza kukatakata jioni. Niliizima nikaiwasha, nikachomoa kitako chake ukutani na kukichomeka tena. Ikashika, lakini kwenye laini kulikuwa na mtu anapumua.

Chepkoech, tunayefanya naye kazi, alisikiliza akanirudishia haraka. "Hiyo ni simu ile ingine, ya stoo, inayotumia laini moja na hii. Lakini stoo imefungwa. Langat ameenda nyumbani."

Nilibonyeza kile kitufe cha kwenye kitako, cha kuiliza simu iliyopotea. Tukatoka kwa mvua, tukaisikia ikilia ndani ya stoo. Halafu ikanyamaza, kama mtu ameipokea.

Mlinzi alifungua. Langat, mtunza stoo, alikuwa chini, magunia ya majani chai yamemlalia kifuani. Mlinzi alikuwa amefunga mlango bila kuchungulia. Langat alikuwa hai, nami nikalia kwa kushukuru.

"Pole sana, mzee. Afadhali ulishika simu."

Akanitazama. "Simu gani, madam? Mikono yote ilikuwa imebanwa."

Tuliipata juu ya rafu, upande ule mwingine wa stoo. Nilifungua mgongo wake. Haikuwa na betri.

Langat amelazwa hospitali ya Kapkatet, na daktari anasema atapona. Hilo limenituliza kidogo. Lakini Chepkoech ameomba ruhusa ya kesho, na simu ikilia ofisini, wa kuipokea ni mimi peke yangu.