Jina Nililokuita kwenye Mkutano wa Nyumba za Wazee

Nyamisangura, Tarime

Kwa Bhoke, mke wa nyumba yangu,
Kenyamonta.

Marahaba, mwanangu. Najua umeniamkia kabla hujamaliza kufungua bahasha, kwa hiyo naitikia kabisa. Hujambo wewe? Ghati ameacha kukohoa? Na Chacha huko shuleni Issenye anakula, au bado anachagua chakula kama mtoto wa mkubwa? Yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa anachechemea, niambie kama unamwosha kwato kwa maji ya chumvi au umemwachia Mungu. Ulezi usiuanike karibu na kuku. Najua unajua, lakini nisiposema sitalala.

Mimi ni mzima, mguu ndio mgonjwa. Kidonda kimefunga upande mmoja, upande wa pili bado kinatoa maji, na sukari haijashuka wanavyotaka. Kila wiki nakwenda hospitali kukisafisha. Ndiyo maana siji.

Mkono unaoandika ni wa Mama Neema, nesi anayenifunga kidonda, tena jirani yangu wa mlango wa pili. Ametoka Songea huko, serikali ndiyo imemleta. Maneno ni yangu. Nimemwambia asiyapambe, na akiyapamba nitajua, maana atanisomea yote tukimaliza. Nawe usome peke yako kwanza, ukiwa umekaa. Usimpe Ghati akusomee.

Bhoke, nimekukana. Nilisimama mbele ya watu wa mtaa huu, nikaulizwa nyumbani naishi na nani, nikasema wewe ni msichana wa kazi.

Sasa umeshajua. Yanayofuata ni namna ilivyotokea tu. Usiyasome kama utetezi, maana sina.

Unajua siwezi kulala kwa Robhi. Mama Neema aliwahi kuniuliza: Bibi, binti yako yuko hapo ng'ambo ya barabara, nyumba nzuri, vyumba vipo, wewe unapanga kwa nini? Nikamwambia kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Hata nikimwona yule bwana amekaa barazani, mimi napita njia ya nyuma na kidonda changu. Akasema kwao mama mkwe akija analala mpaka achoke mwenyewe. Sawa, ni kwao. Mimi nimeshapoteza vidole viwili vya mguu, sitaki kupoteza na heshima.

Kwa hiyo nilipanga kwa Mzee Marwa, mwenye zile nyumba ndefu nyuma ya soko. Mwezi uliopita Mzee Marwa akaniambia nitafute pengine, eti chumba changu kinatazama barabara, anataka kuweka saluni. Sikukuambia. Niliona aibu, mtu mzima kama mimi kutolewa kama kuku aliyeingia jikoni. Na nilijua utasema rudi nyumbani, mama. Kurudi huko bila mtu wa kusafisha mguu huu ni kurudi kufa, tena kufa kwa kunuka.

Basi kukawekwa kibao kwenye kile kiwanja cha majani karibu na kanisa. Mama Neema akanisomea. Kuna shirika linaomba kujenga nyumba za wazee wasio na uwezo, vyumba vya kodi nafuu, choo ndani. Kiwanja chenyewe kilipimwa kuwa cha biashara, kwa hiyo lazima wakubwa wa ardhi wakibadilishe matumizi, na hawakibadilishi mpaka watu wa mtaa wasikilizwe, anayetaka na asiyetaka. Choo ndani, Bhoke. Wewe umenishika mkono usiku wa mvua kwenda chooni, unajua nasema nini. Kila nikitoka hospitali nilipita pale nikasimama kutazama majani, najichagulia mlango wangu utazame wapi.

Siku ya mkutano tukakaa nje ya ofisi ya mtaa, chini ya turubai. Afisa mipango ni binti mdogo, mgeni wa mkoa huu. Alitundika mchoro wake ukutani, kisha akapita kwa wazee wote akitupa shikamoo mmoja mmoja. Nikampenda. Akasema, "Wenye pingamizi waseme, na wenye kuhitaji waseme. Lakini kamati haipokei maneno ya kusikia. Anayezihitaji nyumba hizi asimame mwenyewe, aseme hali yake."

Mzee Marwa alikuwa wa kwanza kusimama. Amevaa koti, na jua lile.

"Mambo haya ni ya huko nje," akasema. "Mkurya hatupi mama yake. Nani hapa ana mama aliyetupwa? Amlete tumwone. Na mkijenga, kila siku jeneza litatoka pale. Nani atakuja buchani kwangu kununua nyama karibu na nyumba ya kufia?"

Watu wakaitikia. Wazee wenye shida ya kweli nawajua, tunakaa nao benchi moja hospitali. Wote walitazama chini. Si kwamba hawakuwa na la kusema. Ukisimama pale ukasema huna pa kukaa, umemvua nguo mwanao mbele ya watu.

Mimi nikasimama. Unaujua mdomo wangu.

"Marwa," nikasema, "mimi nakaa kwako. Umeniambia nitoke nikupishe uweke saluni. Nitoke niende wapi, au nibaki nisukwe?"

Walicheka mpaka mwenyekiti wa mtaa akafuta macho. Marwa akakaa. Nikajisikia msichana.

Angebaki amekaa, leo nisingekuwa na barua ya kuandika. Aliinuka tena taratibu, anatabasamu.

"Bibi Wankuru, wewe una mji wako Kenyamonta. Nasikia ng'ombe wapo, shamba lipo, na mkaza mwana yupo. Rudi akutunze."

Akawageukia watu.

"Au nimekosea? Maana mtoto wa kiume huna. Sasa huyo mkaza mwana ni mke wa nani?"

Kijana mmoja wa bodaboda akasema kutoka nyuma, "Labda bibi kaoa mwenyewe."

Wakacheka tena, na safari hii niliyechekwa ni mimi. Wageni siwalaumu. Walikuwemo vijana wetu wenyewe, ambao nyanya zao waliwaoa mama zao kwa njia hii hii, nao wanacheka kwa sababu wako mjini na wamevaa raba.

Yule binti hakucheka. Aliuliza kwa adabu, "Bibi, nyumbani unaishi na nani?" Swali halikuwa na ubaya wowote. Jibu lilikuwa mdomoni. Nikaona shingo zimenyooshwa, simu zimeinuliwa, na Marwa anasubiri. Nikasema, "Sina mtu. Yule ni msichana wa kazi, ananilindia mji."

Binti akaandika. Mama mmoja akafuta machozi kwa kanga. Baada yangu wazee wengine wakaanza kusimama, kila mmoja na lake. Mikono iliponyooshwa, wanaotaka nyumba walikuwa wengi. Mwenyekiti akaja kunishika mkono, akasema mimi ndiye niliyefungua njia. Nilitamani auachie mkono wangu.

Nje nikamkuta Mwita, yule muuza mbuzi wa huko kwetu. Alikuwa amesikia yote.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Kesho nashuka Kenyamonta. Nimsalimie nani, mke wako au msichana wa kazi?"

Nikampita na mguu wangu. Kama amefika kabla ya barua hii, basi umeshayasikia kisimani, na umebeba ndoo yako kichwani huku wanawake wanakutazama mgongo. Hapo ndipo roho yangu inapouma kuliko mguu.

Jioni Robhi akaniletea uji. Mumewe alikuwa ameshasikia. Robhi aliweka bakuli chini, hakukaa.

"Mama, wale ng'ombe walitoka kwa mume wangu. Walitolewa kwa ajili yangu. Wewe ukawachukua ukamwoa Bhoke, na mimi nikafurahi, nikasema mama atapata watu. Kumbe niliolewa ili upate mfanyakazi wa ndani?"

"Nyamaza."

"Sinyamazi. Maneno yako yameandikwa pale. Ukifa kesho, baba wadogo wakienda na karatasi hiyo, wakisema shemeji yetu alitamka mwenyewe kwamba hana mtu, Chacha atakuwa nani kwenye ule mji? Mtoto wa mfanyakazi?"

Akaondoka na kanga yake inaburuta chini, hata hakuona. Nami nilikuwa sijafika huko kwa mawazo. Niliona aibu ya kuchekwa, sikuona kwamba nimewashika shemeji zangu mkono nikawaonyesha mlango wako. Miaka yote wanalitaka shamba lile, wanatafuta neno moja tu, nami nikalisema bure, kwa ajili ya kijana wa bodaboda.

Hapa Mama Neema ameweka kalamu chini. Ananiuliza, "Bibi, mke wako kweli? Nimeandika sawasawa?" Nimemweleza. Nimemwambia sikujaliwa mtoto wa kiume, mume wangu akafa, Robhi akaolewa, na kwa ng'ombe wake nikakuoa wewe ili nyumba yangu isifungwe. Watoto uliozaa ni wa nyumba yangu, na Chacha anabeba jina la marehemu. Kwetu inaitwa nyumba ntobhu. Amesema, "Basi Bibi, una familia kubwa kuliko mimi." Nimemwambia aandike, aache kunisuta.

Asubuhi baada ya mkutano nilikwenda ofisini kwa yule binti wa mipango. Nilikwenda kwa miguu, maana kijana aliyekuja na pikipiki ni yule yule wa mkutanoni, na sikutaka kumshika kiuno.

"Mwanangu," nikamwambia, "nimekuja kuuondoa uongo wangu."

"Uongo gani tena, Bibi? Kaa kwanza."

"Yule si msichana wa kazi. Nimemwoa. Anaitwa Bhoke, ana watoto wawili, na mvulana ndiye mwenye mji. Uandike hivyo, na ule wa kwanza uufute."

"Siwezi kufuta, Bibi. Naweza kuongeza chini yake kwamba umerudi na umesahihisha."

"Ongeza."

Akanitazama. "Lazima nikwambie ukweli. Vyumba ni vichache, vinaanza na wazee wasio na mtu kabisa. Ukiwa na familia unaweza kurudishwa nyuma, au ukakosa."

"Na nyumba zenyewe? Nimeziharibia wenzangu?"

"Hapana. Wengi walisimama. Na kamati bado haijakaa."

"Basi andika."

"Hutaki kufikiri mpaka wiki ijayo?"

"Binti, nimefikiri njia nzima, na mguu wenyewe unauona."

Akaandika, akanisomea, nikaweka dole gumba. Nakwambia kweli, maana nimeshachoka na uongo: nilipotoka pale nililia kwa ajili ya chumba. Nilijaribu kukulilia wewe, nikajikuta nalilia choo cha ndani. Ndivyo nilivyo, nawe ujue.

Marwa amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Robhi anatafuta chumba upande ule wa hospitali, ila sasa anasema nami kwa mkato. Kikipatikana nitakaa, kisipopatikana nitakuja huko na bandeji zangu, unifunge wewe. Mama Neema amesema anaweza kukufundisha.

Msamaha sikuombi kwa karatasi. Ukisema umechoka nami, una haki, na ukitaka kurudi kwa baba yako hakuna atakayekuja kumdai ng'ombe, hilo nimeshamwambia Robhi. Lakini ukikaa, nataka ujue kwamba siku watakapotuita kusikia uamuzi wa kamati nitasimama pale pale chini ya turubai, na nitakutaja kwa jina. Wacheke. Nimeshajua kicheko chao kinaishia wapi.

Msalimie Ghati, umwambie bibi yake anataka asikie ameacha kukohoa. Chacha akija likizo mwambie mwenyewe haya yote, asiyasikie kwa Mwita. Msalimie mama yako mzazi. Kama ameshasikia, ananitukana, na anitukane mimi huyu huyu, asimtukane Robhi. Katekista mwambie sadaka yangu ya mavuno ipo. Shemeji zangu, wadogo wa marehemu, wape salamu zangu, na waambie mji una mwenyewe.

Jambo la mwisho. Yule binti amesema watamwandikia mtendaji wa kijiji athibitishe, kwa hiyo atakuja mtu nyumbani na karatasi, atakuuliza wewe ni nani kwangu. Usimjibu akiwa amesimama mlangoni. Mkaribishe, mpe kiti, mpe maji. Mgeni ni yeye. Wewe uko kwako.

Ni mimi niliyekuoa,
Wankuru