Posa Bila Kumbukumbu Namba

Hamriya, Maskati
4 Februari 2024

Kwa Baba mpenzi,

Shikamoo Baba. Nna imani barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na Mama kikohozi kimemwacha. Mimi mzima kuliko wazima wote, nimenenepa mpaka kanzu ya Idi hainifungi shingoni. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu umeizima tangu wakutoe kwenye grupu la tawi la chama, na Bi Khawla, yule anayekwenda na kurudi na biashara zake, anarudi Pemba kesho, kakubali kunibebea.

Kwanza nijisifu, maana hakuna mwengine wa kunisifu huku. Mwanao aliyekimbia skuli kidato cha pili leo ndiye dereva wa duka la mapazia, na kamera za barabarani hazijawahi kunikamata. Moja tu, na ile ilinionea.

Pili, kaa kitako kwanza. Duka lenyewe ni la Ami Marhoon, na ninalala kwake. Najua uliniambia nisikanyage kizingiti cha mdogo wako. Sikukanyaga, Baba. Nilikiruka.

Wiki iliyopita tulipeleka mapazia Sur, mimi kwenye usukani, Ami ubavuni. Tulipoipita Bustan akafungua simu amsikilize mkubwa wa chama chake akihutubia. Basi mkubwa anawashukuru wakubwa wa chama chako kwa cheo walichompa, sauti tamu kama halua. Nikamuuliza Ami, huyu si ndiye aliyeapa atakufa kabla hajakaa nao meza moja? Kumbe kafa lini, mbona hatukusomewa tanzia?

Hakucheka. Alizima simu, akatazama milima mpaka Kuriyati. Hapo nikamnunulia chai ya maziwa, na chai ikamfungua mdomo. Akaanza kunisimulia khitma ya Bibi, ile uliyosimama mlangoni na daftari la tawi ukamzuia asiingie, yeye na wenzake. Miaka yote nimejua kosa ni lako, unisamehe. Lakini Ami kaniambia hivi:

"Ile fulana ya chama niliivaa kusudi, Marwan. Nilijua Kaka atasimama mlangoni. Nilitaka asimame, watu wamuone. Nilikitolea chama kaka yangu, na chama hakikuwa na haja naye hata kidogo."

Nikamwambia kwamba hata wewe, Baba, wamekuvua ukatibu wa tawi baada ya miaka ishirini na sita, wakampa kijana ambaye hajawahi kubandika hata karatasi moja ukutani. Nilidhani atafurahi. Akauliza tu, "Sasa nani anawaandikia?"

Tatu, na ndiyo hasa iliyonikalisha niandike. Ibtihal, binti yake, yule anayefundisha hisabati, kanikubali. Kanikataa mara mbili, lakini mimi nani nikatae kukataliwa? Ami anasema hana neno, ila posa inaandikwa na baba wa mvulana, hataki kusikia mdomo wangu. Niandikie, Baba. Bila barua yako sina mke.

Mwanao mtukutu,
Marwan


Wete, Pemba
25 Februari 2024
Kumb. Na. NK/NYUMBANI/01/2024

YAH: KURUKA KIZINGITI

Mwanangu Marwan,

Marahaba. Sisi huku wazima kwa uwezo wa Mola. Barua yako ya tarehe 4 imepokewa, imesomwa mbele ya mama yako, na imejadiliwa.

Kuhusu Ibtihal, sina pingamizi. Nilimbeba mkononi siku ya akika yake na hakulia.

Kuhusu posa, sitaandika. Mtu akitaka radhi haongei na dereva njiani. Na ukisema nilikosea pale mlangoni, basi nilikosea miaka ishirini na sita, na mimi sijawa tayari kulala na hesabu hiyo. Bendera bado ipo mbele ya nyumba, ingawa hakuna anayekuja kikaoni chini yake. Kama mke lazima, tafuta kwengine.

Kikao kimefungwa.

Baba yako,
Nasr

Mama yako anasema ule vizuri na uache kunywa vitu baridi. Nimelazimishwa kuliandika hilo.


Hamriya, Maskati
30 Machi 2024

Baba yangu,

Shikamoo, na Mama namshika miguu. Hujambo goti? Mimi afya ninayo, haya ndiyo iliyonipungua, kama utakavyoona.

Uliponikatalia nilikaa siku tatu nikifikiri. Ya nne nikaandika posa mwenyewe. Kwa jina lako. Usitupe karatasi, soma kwanza.

Niliiandika vizuri, Baba. Nilikutia maneno matamu ambayo hujawahi kuyasema tangu uzaliwe. Nimeandika "mdogo wangu kipenzi", nimeandika "ua la moyo wangu", nikatia na marashi kidogo. Nikampelekea Ami dukani, nikasimama pembeni kama mtu aliyeleta mzigo tu.

Akaisoma mara mbili. Akaigeuza nyuma, akaitazama kwenye mwanga. Halafu akaniuliza kwa upole, kumbukumbu namba iko wapi?

Nikasema labda Baba kasahau. Akacheka mpaka mshonaji akasimamisha cherehani. Akaniambia Kaka hata akiomba chumvi kwa jirani anaiwekea kumbukumbu namba. Akaenda ndani, akarudi na karatasi kuukuu uliyomwandikia mwalimu mkuu wakati Ami alipokuwa na surua, umri wake miaka tisa na wewe kumi na minane. Nimeiona kwa macho yangu: KUMB. NA. 3, YAH: MDOGO WANGU ANA HOMA. Kaitunza miaka yote hiyo, kapanda nayo ndege.

Kisha kicheko kikamwisha. Akakaa juu ya majora ya mapazia, uso kaugeuzia ukutani. Ibtihal akaingia, akaona ile posa yangu, akasema hata mwanafunzi wake wa darasa la pili anaghushi vizuri zaidi. Ndivyo nilivyodharauliwa na mchumba wangu, na bado namtaka.

Ami kanipa furushi hili nikuletee kwa mkono wa Bi Khawla, aliyerudi huku na barua yako. Ndani mna fulana. Ndiyo ile ile, hajaivaa tena tangu khitma. Na kikaratasi kaandika mwenyewe, hakuniruhusu kukisoma. Nimekisoma. Kimeandikwa: "Kaka, nilikuchokoza mbele ya msiba wa mama yetu. Nataka radhi yako."

Hayo si maneno ya kumwambia dereva. Ni yako.

Mwanao mghushi,
Marwan


Wete, Pemba
21 Aprili 2024
Kumb. Na. NK/NYUMBANI/02/2024

YAH: FULANA, GHUSHI NA MENGINEYO

Mwanangu Marwan,

Marahaba. Sote wazima, na kikohozi cha mama yako kimepona. Furushi limefika.

Kwa kosa la ghushi unapewa onyo kali. "Ua la moyo wangu" nisilisikie tena nikingali hai. Lakini nimemsomea mama yako, na katika kusoma nimesita mara moja au mbili. Umefika mbali, kijana, na huko ulikofika umeenda kwa miguu yako mwenyewe. Jirani zangu wote nimewaambia mwanangu anaendesha gari Maskati. La kamera sikuwaambia.

Bendera nimeishusha. Nilidhani watu watauliza, hakuna aliyeona. Mama yako kaichukua pamoja na fulana, kavikata, kavishona, na sasa vinashikia sufuria jikoni. Vimeshonwa pamoja na havijagombana.

Ambatanisho limo. Mpe Ami yako kwa mikono miwili.

Baba yako anayejivunia,
Nasr


AMBATANISHO

Kumb. Na. 4

YAH: POSA, NA RADHI

Mdogo wangu Marhoon,

Assalamu alaykum. Namba hii inafuata ile ya surua, kwa sababu nyengine zote nilizoandika katikati zilikuwa za chama.

Namposa binti yako Ibtihal kwa mwanangu Marwan. Ana mdomo mrefu, lakini ana moyo.

Siku ya khitma nilimzuia mtoto wa marehemu asimsomee mama yake, kisha nikaliandika daftarini kama jambo jema. Nimeuchana ule ukurasa. Radhi unayo. Nami naiomba kwako.

Harusi ikija, mlangoni nitasimama mimi, bila daftari, na wewe utaingia wa kwanza.

Kaka yako,
Nasr

Nakala: Mama yetu, makaburini, Wete. Nimempelekea leo asubuhi, nikamsomea kwa sauti.