Mwisho wa Kijibomba

Jumatatu, 3 Machi
Presha ya mama mkwe imepanda tena. Mia na tisini! Na dawa anameza mbele ya macho yangu. Mume wangu anasema ni chumvi tu. Mama ana figo moja inayofanya kazi, na mshipa unaoilisha ulitiwa kijibomba cha waya mwaka juzi, usizibe tena. Ultrasaundi ya mwisho nilimpima mimi, Septemba. Niliandika: kijibomba kiko wazi chote.

Jumanne, 4 Machi
Wenzangu walipoenda chai nimefungua picha za Septemba. Mwanzo wa kijibomba – nilipima. Katikati – nilipima. Mwisho – hakuna kitu! Gesi tupu ya tumboni imefunika picha. Nikakumbuka. Mama alikuwa amekula asubuhi ile, na kipimo hiki hutaka tumbo tupu; akanibembeleza nisimrudishe nyumbani. Mgonjwa mwingine ningemrudisha bila haya. Yeye nikamwonea aibu, mama wa mume wangu. Nikaandika "chote".
Nimejichukia leo.

Jumatano, 5 Machi
Nimemweleza mkuu wetu, Rula – tunamwita hivyo kwa kupenda kupima kila kitu. Hakufoka. Afadhali angefoka. Kasema niandike karatasi ya kusahihisha, nimwambie mama na mume wangu kwa mdomo wangu, na kipimo kirudiwe Ijumaa na mtu mwingine. Mama kagoma. Kama si mkwe wake, hapimwi. Basi Rula atasimama nyuma yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeshindwa kusema. Mara mbili nimefungua mdomo, mara mbili nimemwuliza mume wangu habari za kazini kwake. Mama tangu jioni hagusi chakula, anajisifu kama mtoto. Woga mtupu huu wangu.

Ijumaa, 7 Machi
Niko stoo ya mashuka. Dakika mbili tu.
Mwanzo wa kijibomba, kasi ya damu mia na sitini. Katikati, mia na themanini – sawa, humo damu huongeza kasi kidogo hata kikiwa kizima. Mwisho leo unaonekana. Mia nne na kumi! Nikarudia. Mia nne na ishirini. Damu hukimbia hivyo panapobana, na hapa pamebana sana.
"Mkwe, mbona kimya? Si nimefunga vizuri leo?"
Nikamwambia amefunga vizuri sana. Nikamfuta jeli tumboni, nikatoka.
Rula keshampigia daktari wa figo. Wanamtaka leo hii. Karatasi ya kusahihisha ninayo mfukoni, imekunjika. Nje ya mlango namsikia mume wangu akimwuliza Rula: "Lakini Septemba si ilikuwa safi?"
Rula anagonga mlango wa stoo. Ananingoja mimi.