Ng'ombe Kati Yangu na Mama Mkwe

Jumamosi. Mvua ya usiku imekatika, Ujiji inanukia udongo, na mimi nacheka peke yangu kama mwehu.

Leo nimechanja ng'ombe wa mtaa wa ukweni dhidi ya ndigana, ugonjwa wa kupe uliomuulia mama mkwe ndama wawili mwaka jana. Amebakiwa na mtamba mmoja, Bihogo. Nilimwacha awe wa mwisho, nikimsubiri mke wangu Zawadi aje kumshika. Zawadi alikuwa Kibirizi kufuata dagaa, na simu hapokei.

Chanjo hii haina subira. Ukishaitoa kwenye mtungi wa baridi na kuichanganya, saa chache tu ni ya kumwaga. Tena ni vimelea hai vya ndigana yenyewe, ndiyo maana tunachoma pamoja na dawa ya kuvizuia, kulingana na uzito wa mnyama. Dawa ikipungua, umempelekea mtu ugonjwa kwa mkono wako.

Uzito tunaupata kwa kumzungushia utepe kifuani. Bihogo hashikiki ila na Zawadi au mama mkwe. Na mama mkwe, kwa desturi ya ukweni, hanisogelei wala hatupeani kitu mkono kwa mkono. Tangu nioe, naujua mgongo wake kuliko uso.

Niliogopa kumwita, na chanjo inaharibika, nikaanza kukadiria uzito kwa macho.

Basi akaja. Kajifunika khanga hadi puani, akasimama upande wa pili, akamshika Bihogo pembe na kumwambia yeye, si mimi:

"Bihogo, mwambie mkwe asikisie. Apime."

Nikapitisha utepe chini ya kifua. Hakuupokea. Alingoja niuachie chini, ndipo akauokota na kuurusha juu ya mgongo wa ng'ombe ukanirudia. Nikasoma. Makisio yangu yalikuwa pungufu kabisa. Ningemuua Bihogo wa watu.

Nikamwomba Bihogo amwambie mama akaze kichwa. Mama akacheka ndani ya khanga, nilimsikia. Sindano ya chanjo karibu na sikio, ya dawa shingoni, kazi ikaisha.

Nikiwa nafungasha, akasema bila kumpitia ng'ombe:

"Mwanangu, usiondoke hujala."

Hajawahi kuniita hivyo. Nilikula ugali na samaki wa migebuka uani, yeye yuko jikoni, na furaha ilinijaa hadi nikasahau kunawa.

Sasa itabidi nipite kila asubuhi kumpima Bihogo homa. Hodi nitampigia nani, mama au ng'ombe?