Breki Iliyofungwa Mpira

Jumanne usiku, Kijenge

Sitaomba radhi. Leo, kwenye msitu wa Meru, mkufunzi wetu wa kukata miti, Mzee Nanyaro, alinipa msumeno wa mnyororo ambao breki yake imefungwa kwa mpira wa baiskeli isifanye kazi, eti breki inachelewesha kazi. Nilikataa kuuwasha.

"Dada mwandishi, umekuja kujifunza au kutufundisha?"

"Kujifunza, Mzee. Naomba tuufungue huo mpira."

"Mwacheni," mwenzangu mmoja akasema, "miguu ameazima, lazima airudishe mizima." Walicheka. Nikakaa juu ya gogo, nikasubiri.

Mwishowe mzee akaukata mpira, akawasha msumeno, akaisukuma breki ili anikomeshe. Haikushika. Mnyororo uliendelea kuzunguka, na kicheko kikaisha. Hakuna aliyejua breki ile imekufa tangu lini.

Wakati wa kuondoka aliniambia nikiandika habari hiyo nisirudi, na cheti nisahau. Bila cheti cha mafunzo haya siruhusiwi kufuatana na wakata miti kazini, na makala yangu yote iko huko. Hilo linanitia wasiwasi, sitajidanganya.

Habari ya breki nimeshaiandika. Kesho asubuhi nitakuwa pale, na sitakata hata tawi kabla sijaona mnyororo ukisimama.