Kabla Chungu Hakijafunuliwa

Makere, Kasulu
5 Februari 1978

Muramu wangu Felisiani,

Nakuandikia leo, tarehe tano Februari, mwaka wa kumi na tatu tangu mimi na mke wangu, dada yako Pelagia, tuvuke mto Malagarasi tukikimbia kwetu. Wewe una miaka sita tu huku, bado mgeni.

Amahoro kwako na kwa nyumba yako. Pelagia hajambo, ila goti linamsumbua mvua zikizidi. Mimi ni macho. Nasoma nikiwa nimeketi karibu na mlango. Je, watoto wa Kumsenga wamepona surua? Na maharage yenu mmeshapalilia?

Unalikumbuka jarida letu, Jirani, zile karatasi chache ambazo Mwalimu Zena, yule wa kutoka Tanga, huzichapa kwa mashine ya kurudufu. Limefungwa. Mwezi wa Desemba Zena aliandika kwamba lori la umoja wetu wa wakulima lilibeba matofali ya mwenyekiti, Nicodemus, hadi Kasulu mjini, siku ile ile ambayo magunia ya maharage ya mjane Theodosia yalinyeshewa yakisubiri lori hilo. Makere nzima iliona. Nicodemus akalalamika kwenye Baraza la Jarida, ambalo kazi yake ni kuwasikiliza wanaosema wameandikwa vibaya. Wajumbe wake wote aliwateua yeye: mpwa wake anayekaa Kigoma na kuonekana siku za kikao tu, jirani yake, na dereva wa lori. Ndiyo, muramu, dereva wa lori lile lile. Wakaamua kwamba Jirani limesema uongo, lisitoke mpaka wao watakapoona vema.

Zena alikuja kwangu na hasira ya kimya. Aliniuliza huko kwetu waamuzi walipatikanaje. Nikamweleza habari za bashingantahe, wazee waamuzi wa kwetu, ambazo wewe huhitaji kuelezwa: hakuna mkubwa aliyemweka mwamuzi peke yake. Mtu alisimama mbele ya majirani, chungu cha pombe kikiwa kimefunikwa, na mwenye neno juu ya mtu huyo alilisema hapo hapo. Chungu kikifunuliwa watu wakanywa, maneno yamekwisha, huyo ni mwamuzi wenu.

Zena alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mzee, hilo ndilo tunalolitaka. Ila mimi mtaniwekea chai."

Tutalipeleka kwenye mkutano wa wanachama.

Muramu wako,
Melkiadi Hatungimana


Kumsenga, Kibondo
26 Februari 1978

Muramu Melkiadi,

Mwakeye, kama waamkianavyo wenyeji wetu. Watoto wamepona, wanakula kupita uwezo wangu. Mwambie dada yangu apake goti mafuta ya mawese ya moto, na asikusikilize wewe ukimwambia apumzike, maana hujawahi kumwachia nafasi ya kupumzika.

Nimecheka peke yangu kwa habari ya dereva. Lakini baada ya kucheka nikajiuliza: tangu lini mkimbizi akapanga baraza la watu? Waachie wenye nchi ugomvi wa gazeti lao.

Asubuhi ikitakata naviona vilima vya kwetu nikiwa kwenye shamba la muhogo. Hapa Kumsenga na kule Murungu watu wameanza kurudi, wawili watatu. Wanasema serikali mpya inawapokea. Tulikubaliana, muramu: kiangazi kikishika tunakwenda pamoja. Baba aliponigawia ardhi iliyopakana na yako mimi nilikuwa mdogo. Mipaka mliiweka wewe na yeye, na shahidi aliyebaki ni wewe. Nikienda peke yangu, mtu akiniambia hapa si pako, nitajibu nini?

Lile sanduku lako la bati, la safari ya kurudi, bado liko mlangoni? Lifute vumbi.

Muramu wako,
Felisiani


Makere, Kasulu
9 Aprili 1978

Muramu wangu,

Amahoro. Mawese yamesaidia, Pelagia anasema anakushukuru wewe na si mimi. Habari za mihogo? Nasikia kwenu mvua imechelewa.

Mkutano umepita, na tumeshinda nusu. Nicodemus alisema baraza liko chini yake kwa desturi. Theodosia akasimama na konzi ya maharage yaliyoota, akayamwaga mezani mbele yake, akaketi. Baada ya hapo mikono iliyonyanyuliwa haikuhitaji kuhesabiwa.

Mwenyekiti ataendelea kupendekeza majina. Lakini uteuzi wote utasimamiwa na mtu asiye mtumishi wa umoja, asiye ndugu wa kiongozi, wala asiye mtu wa kupita, na kila jina litasimama mbele ya chungu. Maneno hayo, "asiye mtu wa kupita", niliyaandika mimi kwa mkono wangu, nikimlenga yule mpwa wa Kigoma.

Kisha wakanitaja mimi kuwa msimamizi.

Nicodemus hakupinga. Alitabasamu, akasema ni haki msimamizi naye asimame mbele ya chungu kabla ya wengine. Nani angekataa? Ni siku ya Jumamosi, tarehe 24 Juni. Nikikataliwa, wajumbe wa zamani wanabaki mahali pao, na Jirani linakufa. Zena ameniambia kwamba katika hali hiyo ataomba uhamisho.

Najua nitakachoulizwa. Makere nzima inalijua sanduku langu. Sijui nitajibu nini, muramu. Nimekuahidi wewe, na nimewaandikia wao sharti.

Melkiadi


Kumsenga, Kibondo
7 Mei 1978

Muramu,

Sisi wazima. Natumaini nanyi pia.

Sharti umelitega mwenyewe, basi usinitake mimi nikunasue. Tarehe mosi Julai ninaondoka. Nitakusubiri mpaka siku hiyo. Ukiwaambia watu wa Makere kwamba umekaa moja kwa moja, sina la kukuandikia tena.

Felisiani


Makere, Kasulu
2 Julai 1978

Muramu wangu Felisiani,

Amahoro, popote barua hii itakapokukuta. Naituma Kumsenga; kama umekwisha kuondoka, watakutafutia mtu wa kukuletea. Nyumbani ni wazima, na goti la dada yako limepona kiasi cha kucheza, kama utakavyosoma.

Watu walijaa shuleni mpaka madirishani. Chungu cha pombe ya ndizi kilikuwa mezani, kimefunikwa kwa jani, na kando yake birika la chai la Zena. Nikasimama. Wawili watatu walinisifu, nikaona aibu. Kisha Nicodemus akainuka taratibu.

"Ndugu Melkiadi, sanduku lako liko wapi?"

Watu wakacheka, lakini halikuwa swali la mchezo. Nilitafuta jibu la kati. Niliwaza kusema kwamba nitakaa mpaka kazi iishe. Kisha nikamwona Theodosia akinitazama, na nikajua kwamba kama angejibu hivyo mtu mwingine, mimi ningekuwa wa kwanza kumkataa.

"Lipo mlangoni," nikasema. "Nimeliweka pale kwa miaka yote hii. Lakini hapa nimepanda, hapa nimezika watoto wawili, na ninyi ndio mnaonijua. Nimekaa."

"Hayo ni maneno," akasema Nicodemus. "Sanduku limefungwa tayari kwa safari."

Hapo dada yako akasimama upande wa wanawake. "Mwenyekiti, njoo nyumbani ulifungue. Lina mbegu za karanga. Nguo zake nilizitoa zamani, nikawashonea watoto."

Muramu, sikulijua hilo. Miaka yote nimelipita sanduku lile nikiingia na kutoka, na ndani yake mna karanga. Watu walicheka mpaka Nicodemus naye akashindwa kujizuia. Jani likaondolewa, nikanywa, nikampa yeye wa pili, akanywa.

Yaliyofuata yalikuwa mepesi. Mpwa wa Kigoma hakuja. Yule jirani alisema ana kazi nyingi. Dereva alisimama kwa ujasiri, na Theodosia akamwuliza ni nani aliyekuwa kwenye usukani siku ya matofali. Akasema ni yeye. "Basi baba, wewe ni shahidi," Theodosia akamwambia. "Kaa." Akaketi akicheka. Kufikia jioni tulikuwa na wajumbe watano waliosimama na kuulizwa, Theodosia mmoja wao, na neno lao la kwanza lilikuwa kulifungua jarida. Pelagia alicheza mpaka nje ya uwanja wa shule. Toleo jipya limo ndani ya bahasha hii. Habari ya lori iko ukurasa wa kwanza, na jibu la Nicodemus liko chini yake, kama inavyopasa.

Sasa mipaka. Kutoka kwenye jiwe lililochongoka kando ya kijito, panda moja kwa moja hadi mti mkubwa wa umuvumu. Kulia ni kwako. Kushoto ni kwangu, na kuanzia leo ni kwako pia. Mtu akikuambia hapa si pako, msomee barua hii.

Dada yako anakusalimu. Nakuombea njia njema, na nitakuandikia hata usiponijibu.

Mimi sirudi.

Muramu wako,
Melkiadi Hatungimana