Kapu la Fungate

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba. Hapa Usagara tu wazima, na mguu wa babu yako unapata nafuu.

Umeniandikia kuwa mmefundishwa chuoni kwamba mimba ikiwa changa kabisa, jeni zake yenyewe bado zimelala. Huongozwa na maagizo ambayo mama aliyaweka ndani ya yai, mpaka jeni hizo ziamke. Ukaniuliza: "Bibi, mama alifariki akinizaa. Mimi aliwahi kunielekeza nini?"

Mimi niliolewa miaka ile ya uhaba, sukari inatafutwa kama dawa. Unajua kwetu bi harusi hapiki wakati wa fungate. Chakula hutoka kwa mama yake. Mama yangu alikuwa ameshazikwa. Lakini kila asubuhi mama mdogo alileta kapu, akasema, "Kula, hiki kakuwekea mama yako." Mchele, kunde, papa mkavu: mama alividunduliza akiwa mgonjwa kitandani, akamwagiza mdogo wake kipi kitangulie na kipi kifuate.

Fungate ikaisha, kapu likawa tupu. Nikawasha moto wangu mwenyewe.

Basi usiseme hakukuelekeza. Mama yako alikuelekeza ungali huna hata sikio la kumsikia.

Bibi yako